Aliyeshinda chaguzi tatu aliangushwa na nani?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita na tunasoma historia ya Uingereza baada ya Vita vya Pili. Nimesoma kwamba Margaret Thatcher alishinda uchaguzi mkuu mara tatu mfululizo, hakupinduliwa na jeshi wala hakuugua, na bado aliondoka madarakani Novemba 1990 kabla muhula wake haujaisha. Babu yangu anasema kilichomwondoa ni kodi ya kichwa. Mwalimu wetu wa darasani anasema ni ugomvi kuhusu Ulaya. Nani yuko sahihi? Na inakuwaje chama kimwondoe mtu anayekiletea ushindi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Babu yako yuko sahihi, na mwalimu wako hajakosea, lakini wote wawili wanataja kiberiti. Mimi nataka uzione kuni. Zilikusanywa kwa miaka 11, tangu awe waziri mkuu mwaka 1979, na sehemu kubwa alizikusanya Thatcher mwenyewe.

Kwanza ondoa kichwani picha ya rais. Kwetu rais anapigiwa kura na wananchi nchi nzima, na wabunge wa chama chake hawawezi kuamka Jumanne wakamwondoa kwa kura zao peke yao. Waziri mkuu wa Uingereza hana kura hiyo ya nchi nzima. Waliompigia kura Thatcher kwa jina lake walikuwa watu wa jimbo la Finchley, kaskazini mwa London, na walimchagua awe mbunge wao. Cheo cha uwaziri mkuu humwendea yule anayeungwa mkono na wabunge wengi katika Bunge la Makabwela, na kwa desturi huyo ni kiongozi wa chama chenye viti vingi. Mwaka 1990 chama cha Conservative kilikuwa na wabunge 372. Hao ndio waliokuwa wapiga kura wake wa kweli, na kanuni za chama ziliruhusu apingwe kila mwaka. Kanuni hiyo ya kumpinga kiongozi aliyeko kitini iliwekwa mwaka 1975, na wa kwanza kunufaika nayo alikuwa Thatcher. Februari mwaka huo alimshinda Edward Heath, aliyekuwa kiongozi wa chama, kwa kura 130 dhidi ya 119. Heath alijitoa, na wiki moja baadaye Thatcher akashinda duru ya pili. Kwa hiyo alitolewa kwa mlango uleule alioingilia.

Sasa fikiria maisha ya wabunge hao 372. Nafasi za uwaziri ni chache, na kila waziri mkuu anapobadilisha baraza, mmoja anapanda na mwingine anashuka. Anayepanda hushukuru kwa miezi michache. Anayeshushwa hukumbuka maisha yake yote, na haendi nyumbani: anabaki bungeni, anakaa viti vya nyuma, ana kura moja ya siri sawa na ya waziri. Mwaka wa kwanza watu hao ni wachache. Mwaka wa kumi na moja wamejaa. Kuna waliofukuzwa, kuna waliojiuzulu kwa hasira, na kuna kundi kubwa zaidi ambalo wanahistoria hulipitia haraka mno: wale ambao hawakuitwa kamwe, na sasa wana miaka 50 na kitu, wanajua kwamba chini ya kiongozi huyu hawataitwa. Mtu asiyetarajia kitu hawezi kutishwa na mnadhimu wa chama.

Thatcher aliongeza idadi yao kwa kasi. Mwaka 1981 aliwatoa mawaziri waliopinga sera zake za kubana matumizi, akina Ian Gilmour. Mwaka 1983, mara tu baada ya ushindi mkubwa, alimtoa Francis Pym, Waziri wake wa Mambo ya Nje wakati wa vita vya Falklands. Januari 1986 Michael Heseltine, Waziri wa Ulinzi, aliondoka katikati ya kikao cha baraza kwa sababu ya mzozo wa kampuni ya helikopta ya Westland, akitoka nje moja kwa moja hadi kwa waandishi wa habari. Heseltine ndiye wa kumtazama. Alikaa karibu miaka mitano bila wadhifa, akizunguka nchi nzima, akila chakula cha jioni na matawi ya chama na kuwasaidia wabunge kwenye majimbo yao. Hakusema kamwe kwamba anautaka uongozi. Hakuwa na haja ya kusema.

Hilo ni la kwanza. La pili ni baya zaidi, nalo ni kwamba watu waliokuwa na uzito wa kumwambia kiongozi "hapana" waliisha mmoja mmoja. William Whitelaw, mzee wa chama aliyeshindwa naye mwaka 1975 kisha akamtumikia kwa uaminifu, alikuwa anaijua hali ya wabunge na Thatcher alimsikiliza. Alipata kiharusi mwishoni mwa mwaka 1987, na Januari 1988 akastaafu. Norman Tebbit, mkereketwa wake mkubwa, aliondoka serikalini mwaka 1987 ili amhudumie mkewe, aliyelemaa kutokana na bomu la IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland, huko Brighton mwaka 1984. Hadi Oktoba 1990, katika baraza zima la mwaka 1979 lililokuwa na watu zaidi ya 20, alibaki mtu mmoja tu mbali na Thatcher mwenyewe, naye ni Geoffrey Howe. Waliokalia viti vilivyobaki walikuwa watu aliowainua yeye. Mtu uliyemwinua hukuambia ukweli kwa kuchelewa sana, au kwa sauti ndogo sana.

Hapa ndipo kodi ya babu yako inapoingia, na naomba unisikilize vizuri kwa sababu sisi tunaweza kuielewa kuliko wasomaji wengi. Waingereza walikuwa wakilipia huduma za halmashauri kwa kodi iliyofuata thamani ya nyumba. Mwenye jumba alilipa zaidi, mwenye kibanda alilipa kidogo. Thatcher aliifuta na kuweka tozo moja kwa kila mtu mzima, sawa kwa wote ndani ya halmashauri moja. Jina rasmi lilikuwa tozo ya jamii, lakini watu wakaiita kwa jina la kale la kodi ya kichwa, nalo ndilo lililobaki. Babu zetu Kenya na Tanganyika walitozwa kodi ya nyumba na kodi ya kichwa na serikali ya hao hao Waingereza, kwa hiyo wanajua bila kufundishwa kwamba kichwa cha tajiri na kichwa cha maskini vikitozwa sawa, uzito wake si sawa. Maskini kabisa na wanafunzi walipunguziwa hadi asilimia 20, lakini mamilioni waliokuwa juu kidogo tu ya mstari huo walipigwa. Familia yenye wazazi wawili na vijana wawili wanaofanya kazi ikawa inalipa mara nne, wakati mtu mmoja tajiri katika jumba lake analipa mara moja.

Kodi hiyo ilianza Scotland Aprili 1989, ikafuata England na Wales Aprili 1, 1990. Siku moja kabla, Machi 31, maandamano katika uwanja wa Trafalgar, London, yaligeuka kuwa vurugu kubwa. Jambo ninalotaka ulishike ni hili: Nigel Lawson, Waziri wake wa Fedha, aliipinga kodi hiyo kwa maandishi tangu mwaka 1985, ikiwa bado wazo tu. Onyo lilikuwepo mezani miaka mitano kabla. Ninapowafundisha wanafunzi wangu kipindi hiki, hapo ndipo ninaposimama muda mrefu zaidi, kwa sababu ndipo unapoona tofauti ya Thatcher wa mwaka 1980 na wa mwaka 1988. Yule wa kwanza alikuwa jasiri lakini mwangalifu. Mwaka 1981 alirudi nyuma mbele ya wachimba makaa ya mawe kwa kuwa akiba ya makaa ilikuwa haitoshi, akajiandaa, akawakabili mwaka 1984. Yule wa pili alikuwa ameshinda mara nyingi hadi akaamini kwamba kupingwa kwenyewe ni dalili ya kuwa sahihi.

Ulaya ilifanya kazi nyingine. Kodi ya kichwa iliwatisha wabunge wa kawaida. Ulaya iliwavunja wakubwa. Lawson na Howe walitaka pauni iingie katika utaratibu wa Ulaya wa kudhibiti viwango vya kubadilisha fedha. Thatcher hakutaka. Juni 1989, kabla ya mkutano wa viongozi wa Ulaya huko Madrid, wote wawili walimwambia kwamba wangejiuzulu asipokubali kuweka masharti ya kujiunga. Alikubali kwa shingo upande, na mwezi uliofuata akamwondoa Howe Wizara ya Mambo ya Nje na kumpa cheo cha naibu waziri mkuu ambacho hakikuwa na nguvu. Oktoba 26, 1989, Lawson akajiuzulu kwa sababu mshauri binafsi wa Thatcher wa uchumi, Alan Walters, alikuwa akionekana kupingana naye hadharani. Wakati huo riba ya benki ilikuwa asilimia 15. Thatcher ndiye aliyewauzia wapangaji wa halmashauri nyumba zao na kuwahimiza Waingereza wamiliki makazi. Sasa watu hao hao walikuwa hawalali kwa kuwaza marejesho ya mikopo ya nyumba. Mwaka mmoja baadaye mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 11. Nguzo ya sifa yake yote ilikuwa ni kuushinda mfumuko wa bei.

Desemba 1989 mbunge asiyejulikana sana, Anthony Meyer, alisimama kumpinga. Thatcher alipata kura 314 dhidi ya 33. Magazeti yaliona ushindi mkubwa. Ukijumlisha zile 33 na kura 27 zilizoharibika au kutopigwa, wabunge 60 walikataa kumuunga mkono mbele ya mtu ambaye hakuna aliyemdhania kuwa waziri mkuu. Yeyote ambaye angehesabu kwa makini angejua.

Kisha hofu ikaenea kwa waliobaki. Machi 1990, uchaguzi mdogo wa Mid Staffordshire, Labour, chama kikuu cha upinzani, ilichukua kiti cha Conservative kwa tofauti ya kura 9,449. Kura za maoni zikaonyesha Labour ikiongoza kwa zaidi ya asilimia 20. Oktoba 18 wakapoteza Eastbourne, ambako mwaka 1987 walikuwa wameshinda kwa karibu kura 17,000, na kiti hicho kilikuwa wazi kwa sababu IRA ilimuua mbunge wake, Ian Gow, rafiki wa karibu wa Thatcher. Hata huruma haikuwaokoa. Mbunge aliyeshinda kwa kura 5,000 alisoma matokeo ya Eastbourne kama barua ya kuachishwa kazi. Na hapo, mwanangu, ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Chama kilimpenda kwa sababu alikiletea ushindi, na siku wabunge walipoacha kuamini kwamba ataleta mwingine, upendo huo haukuwa na kitu kingine cha kujishikiza.

Zilihitajika wiki tatu tu. Oktoba 30, baada ya mkutano wa Roma, Thatcher alisimama bungeni akayajibu mapendekezo ya Jacques Delors, rais wa Tume ya Ulaya, ya kuongeza mamlaka ya Ulaya kwa kusema "hapana" mara tatu. Howe alikuwa ameketi karibu naye. Novemba 1 alijiuzulu.

Lazima umjue Howe ili uelewe kilichofuata. Alikuwa mwanasheria mpole, mwenye sauti ya chini, aliyetumikia miaka 11 bila makeke. Alikuwa Waziri wa Fedha wakati mgumu kuliko wote. Alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje alikwenda Lusaka Julai 1986, na Rais Kaunda akamkaripia mbele ya waandishi wa habari kwa msimamo wa Thatcher wa kukataa vikwazo dhidi ya makaburu wa Afrika Kusini. Howe aliumeza. Ndani ya baraza nako alikuwa akikemewa na bosi wake mbele ya wenzake, naye akaumeza pia. Novemba 13 alisimama kutoa hotuba ya kujiuzulu, bunge limejaa, na kamera za televisheni zilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ziruhusiwe humo. Akaeleza kwa utulivu kwamba kufanya mazungumzo Ulaya kwa niaba ya Thatcher kulikuwa kama kutumwa uwanjani kupiga kriketi, mpira wa kwanza unarushwa ndipo unagundua kwamba nahodha wako mwenyewe amevunja magongo kabla ya mchezo. Akamaliza kwa kuwataka wengine nao wapime uaminifu wao uko wapi. Kama ingekuwa ni Heseltine aliyesema, wangesema ni tamaa. Akisema Howe, haikuwepo namna ya kupuuza. Kesho yake Heseltine akatangaza kugombea.

Kampeni ya Thatcher ilikuwa dhaifu kwa namna ambayo hadi leo inanishangaza. Mwaka 1975 watu wake walimfuata kila mbunge mmoja mmoja. Mwaka 1990 hakuomba kura. Aliona si heshima. Msimamizi wake, Peter Morrison, alihesabu ahadi kana kwamba ni kura. Watanzania waliofuatilia kura za maoni za CCM za kuteua wagombea mwaka 2020 na ule msemo kwamba wajumbe si watu wazuri hawahitaji kuelezwa ahadi ya mpiga kura wa siri ina thamani gani. Siku ya kupiga kura, Jumanne Novemba 20, Thatcher alikuwa Paris kwenye mkutano wa usalama wa Ulaya wa kufunga Vita Baridi. Ni mkutano mkubwa, na alistahili kuwepo. Lakini wapiga kura wake 372 walikuwa London.

Kanuni za duru ya kwanza zilidai mambo mawili: apate zaidi ya nusu ya wabunge wote wa chama, na amzidi mpinzani kwa asilimia 15 ya wabunge hao, yaani kura 56. Alipata 204. Heseltine alipata 152. Kumi na sita hawakumchagua yeyote. Nusu aliivuka, tofauti ilikuwa 52. Wangehama wabunge wawili tu kutoka kwa Heseltine kuja kwake, angepita siku ile ile. Ndiyo maana simwelewi mtu anayeniambia kwamba kuanguka kwake kuliandikwa tangu mwanzo. Kudhoofika, ndiyo. Kuanguka Novemba ile, kulitegemea watu wawili na kazi ambayo haikufanywa kwenye korido za bunge.

Alirudi London akisema atapigana duru ya pili. Jioni ya Novemba 21 aliwaita mawaziri chumbani kwake bungeni, mmoja mmoja. Wengi walimwambia maneno yaleyale: mimi nitakupigia kura, lakini utashindwa. Kenneth Clarke alimwambia waziwazi aondoke. Mumewe, Denis, naye alimshauri asiendelee. Asubuhi ya Novemba 22 akatangaza kujiuzulu. Mchana ule upinzani ulileta hoja ya kutokuwa na imani na serikali, naye akahutubia kwa nguvu ambayo hata wapinzani waliisifu. Serikali ikashinda. Wabunge walioshangilia hotuba ile ni wale wale waliokuwa wamemnyima kura siku mbili kabla: serikali waliitaka ibaki, na kiongozi walimtaka mwingine.

Je, ndivyo inavyokuwa kwa mawaziri wakuu wote wanaokaa muda mrefu? Herbert Asquith (1908 hadi 1916), Harold Macmillan (1957 hadi 1963), Thatcher na Tony Blair (1997 hadi 2007): hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyetolewa Ikulu yao ya Downing Street na wapiga kura. Asquith aliondolewa na washirika wake katikati ya vita. Macmillan aliwafukuza mawaziri saba kwa mkupuo Julai 1962, akabaki na chama chenye majeraha, kashfa ya John Profumo, Waziri wake wa Vita, ikamdhoofisha, na ugonjwa ukammalizia. Harold Wilson ndiye wa kumweka kando, kwani mwaka 1976 aling'atuka mwenyewe.

Blair anafanana na Thatcher kuliko wote wawili walivyopenda kukiri. Ushindi mara tatu. Uamuzi mmoja mkubwa uliowachosha wabunge wake: Machi 2003, wabunge 139 wa Labour walipiga kura kinyume naye kuhusu vita vya Iraq. Mrithi alikuwepo jirani, Gordon Brown, Waziri wa Fedha kwa miaka kumi yote. Tofauti ni kwamba kanuni za Labour zilifanya iwe vigumu kumpinga kiongozi kwa kura, kwa hiyo shinikizo lilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 2004 Blair alitangaza kwamba hatagombea muhula wa nne, na tangu siku hiyo watu wakaanza kumtazama Brown badala yake. Septemba 2006 zikaja barua za kumtaka aondoke, naibu waziri mmoja na wasaidizi kadhaa wa mawaziri wakajiuzulu kwa siku moja, na kesho yake Blair akaahidi kwamba ataondoka ndani ya mwaka. Juni 27, 2007 akaondoka, bila kura hata moja ya chama kupigwa dhidi yake.

Basi mwambie babu yako kwamba kodi iliwatia wabunge hofu ya kupoteza viti, na mwambie mwalimu wako kwamba Ulaya iliwatoa Lawson na Howe, na bila Howe hakungekuwa na siku ya kupiga kura. Vyote viwili visingetosha mwaka 1983. Vilitosha mwaka 1990 kwa sababu ya idadi ya watu waliokuwa wamekaa nyuma wakisubiri.

Umeuliza pia, kwa namna fulani, kama walifanya vizuri kumwondoa. Kwa hesabu yao wenyewe, ndiyo. Duru ya pili, Thatcher akiwa amejitoa, John Major, Waziri wake wa Fedha, alipata kura 185, Heseltine 131, Douglas Hurd 56, na wawili hao wakajitoa. Serikali ya Major ikatangaza kuifuta kodi ya kichwa Machi 1991, na Aprili 1992 Conservative ikashinda uchaguzi mkuu kwa kura zaidi ya milioni 14, nyingi kuliko chama chochote kilivyowahi kupata Uingereza. Viti vilikuwa 336. Lakini waliompenda Thatcher hawakusamehe, na ugomvi wa Ulaya ukahamia kwa Major hadi, Juni 1995, akajiuzulu uongozi wa chama ili awalazimishe wapinzani wake wajitokeze. Alishinda, 218 kwa 89. Mei 1997 wabunge wa Conservative waliorudi bungeni walikuwa 165.